Kidonda kidogo kando ya ziwa



Kazini kila mmoja wetu anajua sheria hii: ajali yote, hata ikiwa ndogo, lazima ionyeshwe. Mtu akikatwa kidole na kipande cha bati ndani ya ateliye, hata kama damu imetoka matone mawili tu, anakwenda kwa kapita wake, kapita anaandika, na mtu anatumwa dispansere. Hakuna anayemcheka. Sheria hiyo ilitoka katika mateso: watu wamepoteza vidole juu ya vidonda ambavyo wao wenyewe walisema ni kitu bure.

Lakini siku ya Mungu, tukiisha kuvua viatu vya kazi na kofia, sheria hiyo tunaiacha pamoja navyo nyuma ya mlango. Mtoto akikatwa matembezini, tunamwambia: "Nyamaza, si kitu." Tunafuta damu, tunafunga kitambaa, tunarudi kuketi. Leo tutazungumza juu ya kidonda kimoja cha namna hiyo.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua kuanza. Wafanyakazi wa ateliye moja walichanga franga, wakapata bisi, wakapeleka jamaa zao kando ya ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe. Wakaaji wa Likasi na wa Lubumbashi wanapajua. Ziwa lile halikuwako zamani: ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na baraji ya Mwadingusha, ambako mashine za umeme zilianza kazi mwaka 1930 ili kusaidia viwanda vya shaba. Ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, lenye matete na ndege na wavuvi. Na pale matete yanapokosekana kuna mchanga, na watoto wanaupenda.

Akina mama waliwasha mbabula, wakasonga bukari, wakapika samaki walionunua kwa wavuvi. Wanaume walikaa chini ya mti karibu na kasha la bia. Watoto walikuwa zaidi ya ishirini, wengine majini, wengine mchangani na mpira.

Saa nane hivi, mtoto mwanamke wa miaka saba alitoka majini mbio kufuata mpira. Mguu wake wa kuume ukakanyaga shingo ya chupa iliyovunjika, ambayo mchanga ulikuwa umeifunika. Alianguka, akalia. Kidonda kilikuwa chini ya kisigino, upana wake kama ukucha wa kidole gumba.

Damu ilitoka, na kila mtu akaja na dawa yake. Mjomba wake alimbeba akamwosha mguu kwa maji ya ziwa. Mama mmoja alileta majivu ya mbabula. Mvuvi mmoja, mtu wa roho nzuri, alitoa tumbako mfukoni mwake. Mwingine alifungua kapsuli ya rangi mbili akamwaga unga wake juu ya kidonda. Kisha mguu ukafungwa na kipande cha kikwembe. Damu ilisimama. Robo saa haijaisha, mtoto alikuwa anakula bukari pamoja na wenzake, na wakati wa kurudi aliimba ndani ya bisi kama wengine. Watu wakasema: "Tumepata bahati."

Siku tatu zikapita bila neno. Siku ya nne mama yake akaona kwamba mtoto anatembea kwa ncha ya vidole, kisigino hakigusi chini. Ndipo akamleta dispansere. Baba alitoka kazini akamfuata.

— Munganga, ni kidonda kidogo tu cha siku ya Mungu. Kimekwisha kufunga. Lakini mtoto anakataa kukanyaga.
— Mama, mlikiosha na nini?
— Na maji ya ziwa.
— Na sabuni?
— Sabuni ilibaki nyumbani.
— Na karti yake ya chanjo iko wapi?

Mama akamtazama baba. Baba naye akamtazama mama.

Ngozi ya juu ilikuwa imefunga kweli. Lakini kuzunguka kidonda palikuwa pekundu, pa moto, na mtoto aliruka nilipogusa. Nilimtuma kwa munganga mkubwa hospitalini, akapigwa picha ya radio. Watu wengi wanafikiri kwamba radio inaonyesha mifupa na vyuma tu. Hapana: kipande cha chupa nacho huonekana, karibu kila mara. Na kilionekana: kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Munganga alifungua kisigino, akakitoa, na pamoja nacho yakatoka usaha na majivu meusi. Mtoto aliosha kidonda dispansere kila siku, akachomwa sindano yake, na juma mbili baadaye alikuwa anaruka kamba mbele ya nyumba.

Basi, kwa nini ukurasa mzima juu ya mtoto aliyepona? Kwa sababu amepona, tunaweza kuhesabu makosa kwa utulivu, kama tunavyofanya kazini, bila mtu kulia kati yetu.

HATARI SI DAMU

Mzazi anaogopa damu. Damu ikisimama, moyo wake unatulia, na anafikiri kazi imekwisha. Kumbe kwa kidonda kidogo damu ndiyo haina hatari kubwa. Mara nyingi inasimama yenyewe. Hatari ni kile kilichoingia na kubaki ndani: mchanga, kipande cha chupa, kutu, mwiba, na vijidudu ambavyo macho hayavioni.

Tena kidonda chembamba na kirefu, kama cha chupa, cha msumari ao cha ndoana, kinadanganya kuliko kidonda kipana. Kidonda kipana kinabaki wazi, unakiona, unakiosha hata chini. Kile chembamba kinafunga mlango wake upesi, na uchafu unabaki ndani kama mwizi aliyefungiwa nyumbani usiku.

Kati ya vijidudu hivyo, kimoja kinatuogopesha kuliko vyote: kile cha tetanosi, ambayo wengine huita pepopunda. Kinaishi katika udongo, katika vumbi, katika mavi ya wanyama. Kinaweza kulala hapo miaka mingi bila kufa. Kikiingia ndani ya kidonda pahali ambapo hewa haifiki, kinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo inashika mishipa inayoamuru nyama za mwili. Ugonjwa hauji siku ile ile. Unaweza kuanza siku ya tatu, mara nyingi karibu na siku ya nane ao ya kumi, na pengine hata siku ya ishirini na moja, wakati kidonda kimesahauliwa. Kwanza taya linakaza, mtu anashindwa kufungua kinywa na kumeza. Kisha shingo na mgongo vinakuwa vigumu. Kisha mwili wote unakazwa kwa maumivu makali, na mlango ukigongwa tu ao taa ikiwashwa, unakazwa tena. Akili inabaki nzima. Mgonjwa anasikia yote.

Wakati nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, niliona mtoto mwanaume wa miaka tisa mwenye ugonjwa huo. Alichomwa na msumari wa ubao. Kidonda chenyewe tulikitafuta kwa shida, kilikuwa kama alama ya kalamu. Hakuwahi kupata chanjo hata moja. Zaidi ya mwezi mzima alilala katika chumba chenye giza, tukitembea bila viatu ili tusifanye kelele, na mama yake alikaa mlangoni akiwaomba wapita njia wasiseme kwa sauti. Yeye alipona. Wengi hawaponi, hata katika hospitali nzuri. Na aliyepona lazima achanjwe, kwa maana ugonjwa huu haumkingi mtu asishikwe mara ya pili.

KARTI NDANI YA KASHA

Dawa ya kuzuia tetanosi si kitu kipya. Mwaka 1889 mtaalamu wa Japani, Kitasato Shibasaburō, alifaulu kukiotesha kijidudu hicho peke yake, na tangu mwaka 1924 iko chanjo. Mtoto wa inchi yetu anaipata ndani ya sindano moja pamoja na chanjo za magonjwa mengine, akiwa na juma 6, kisha juma 10, kisha juma 14. Mama naye huchanjwa wakati wa mimba, ili mtoto azaliwe akiwa na kinga.

Lakini kinga hiyo ni kama rangi juu ya chuma: inafaa kurudishiwa. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri sindano nyingine tatu: moja katika mwaka wa pili wa mtoto, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15. Wazazi wengi wanamaliza zile tatu za kwanza, kisha wanafunga karti ndani ya kasha na kuisahau.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wetu. Karti ilipatikana jioni, chini ya vikwembe vya mama. Ilionyesha sindano tatu za utoto, na kisha hakuna neno. Zaidi ya miaka mitano ilikuwa imepita. Kwa kidonda chenye uchafu, miaka mitano ikipita tunachoma sindano ya kukumbusha. Kwa kidonda safi, tunangoja miaka kumi. Na kama mtoto hakumaliza tatu za kwanza, ao hakuna anayejua, tunamhesabu kama hakuchanjwa, na pengine munganga anaongeza sindano nyingine ya kumkinga mara moja. Kwa hiyo tunauliza karti mbele ya yote. Hatufanyi hivyo ili kumwaibisha mama. Karti ndiyo inayotuambia sindano gani ichomwe.

TUTAFUTE SABABU

Kazini, nyuma ya ajali, hatusemi "ni bahati mbaya" na kwenda zetu. Tunatafuta sababu. Tufanye vile vile hapa.

Sababu ya kwanza: chupa. Mtoto hakuivunja. Mtu mzima alikunywa, akatupa, na mwingine akapita bila kuokota. Pengine ni sisi, pengine ni waliotutangulia. Mbele ya watoto kushuka bisi, watu wawili watembee juu ya mchanga na gunia, waokote chupa, makopo, ndoana na miiba ya samaki. Ni kazi ya robo saa.

Sababu ya pili: mguu mtupu. Kandambili za franga kidogo zingetosha kumkinga na chupa ile.

Sababu ya tatu: hakuna aliyechukua maji safi wala sabuni. Kulikuwa makasha mawili ya bia, lakini bido moja ya maji ya kunywa haikuwako.

Sababu ya nne: hakuna aliyewekwa kulinda watoto. Watu wazima walikuwa zaidi ya kumi na tano, na kila mmoja alifikiri mwenzake anatazama. Safari hii ilikuwa chupa. Ingeweza kuwa mtoto aliyezama, na mtoto anayezama hapigi kelele. Wawekwe walinzi wawili kwa zamu, wasiokunywa, macho yao majini, kama vile tunavyoweka mlinzi mtu anapoingia ndani ya tangi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nawa mikono yako wewe kwanza, na sabuni.

2. Damu ikitoka, kandamiza kidonda na kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi kwa saa. Usifungue kila mara kutazama. Mlaze mtoto, inua mguu. Usimfunge kamba juu ya mguu.

3. Damu ikisimama, osha kidonda na maji safi ya kunywa na sabuni, dakika tano hata kumi. Maji yawe mengi, yamwagike juu ya kidonda, yasikae katika beseni. Mtoto atalia. Umshike kwa upole, umwambie kweli kwamba itauma kidogo, na uendelee.

4. Tazama ndani mahali penye mwanga. Kipande kinachoonekana juu kitolewe na kibanio kilichooshwa. Kilichoingia ndani sana ukiache, usichimbe, umlete mtoto. Ndoana iliyozama vile vile, usiivute kwa nguvu.

5. Funika na kitambaa safi na kikavu. Mtoto asirudi majini siku ile.

MAMBO YA KUACHA

Maji ya ziwa si maji ya kuosha kidonda, hata yakionekana safi kama kioo. Yana vijidudu, na pahali penye matete na konokono yanaweza kuwa na bilharzia, ambayo inapita hata katika ngozi isiyo na kidonda. Mtoto aliyezoea kuoga ziwani, akikojoa damu, aletwe. Iko dawa ya vidonge.

Majivu, udongo, tumbako, mafuta, petroli na dawa ya meno vyote viache. Vinaingiza uchafu mpya na kufunika ule wa zamani, na munganga anashindwa kuona kidonda. Wazee walivitumia kwa sababu hawakuwa na kitu kingine. Sisi tunayo sabuni.

Unga wa kapsuli uache pia. Dawa ile imetengenezwa ili imezwe, kwa kipimo cha munganga. Juu ya kidonda inafanya ganda, haifiki chini ambako vijidudu viko, na kuna watoto ambao miili yao inaikataa kwa hatari.

Na jambo lingine la kando ya ziwa: makaa ya mbabula. Usiyazike mchangani. Yanabaki na moto masaa mengi, na mtoto anayepita hayaoni. Yamwagie maji mpaka yapoe kabisa. Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi dakika ishirini, usipake kitu, umlete.

ALETWE LINI?

Siku ile ile, bila kungoja kesho, ikiwa kidonda kinafunguka midomo, kwa maana kushona kunafaa katika masaa ya kwanza. Ikiwa damu haisimami. Ikiwa kimeingia sana ndani. Ikiwa kitu kimebaki ndani, ao unafikiri hivyo. Ikiwa mtoto hawezi kusogeza vidole. Ikiwa sindano ya mwisho ya tetanosi ni ya zamani ao haijulikani.

Siku zinazofuata, mtazame asubuhi na jioni. Aletwe upesi ikiwa maumivu yanazidi baada ya siku mbili mahali pa kupungua, ikiwa wekundu unapanuka, ikiwa kuna usaha ao homa, ikiwa anachechemea. Mtoto anayekataa kukanyaga hana uvivu. Anakuambia kwamba kitu kiko ndani. Na taya likikaza, usingoje hata saa moja: hospitali, usiku ao mchana.

MFUKO WA SIKU YA MUNGU

Ateliye ile ile imepanga kurudi ziwani mwaka huu. Safari hii wamefanya orodha, nasi tunawapa ninyi wote: bido moja ya maji safi kwa ajili ya vidonda tu, mtu asiinywe; sabuni moja mpya; vitambaa safi vilivyopigwa pasi, vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki; bandeji na mkasi; kibanio; gunia la kuokotea chupa; na jina la mtu mmoja anayeshika mfuko huo siku nzima. Kila ateliye ina mtu aliyefundishwa kusaidia majeruhi. Yale aliyojifunza kazini yanafaa pia kando ya maji, kwa mtoto wake na kwa mtoto wa jirani.

Baba wa mtoto wetu ndiye aliyeomba kushika gunia.

Na leo jioni, ukiisha kusoma ukurasa huu, fungua kasha, toa karti za watoto wako wote, uzisome pamoja na bibi yako. Ukiona mwaka ni wa zamani, ao karti haipo, njoo dispansere asubuhi pamoja na mtoto. Hatutakugombeza. Tutakufanyia karti mpya, na tutachoma sindano.

Msaidizi wa munganga, dispansere ya kambi